Kuandaa Bustani ya Nyumbani Kabla ya Masika: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila mwaka mwezi wa Machi, joto linapozidi na mawingu yanapoanza kukusanyika upande wa baharini, huulizwa maswali yaleyale: nipande lini, nikate matawi sasa au nisubiri, samadi niweke kiasi gani, na kwa nini miche niliyopanda mwaka jana ilikufa ilhali mvua ilinyesha vizuri. Mwongozo huu unamjibu mtu mwenye kiwanja cha kawaida cha makazi katika ukanda wa pwani, yaani Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam, Unguja, Pemba na hata Mombasa, ambako masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na Aprili na Mei huleta maji mengi kuliko miezi mingine. Anayeishi Dodoma, Iringa au Mbeya, kwenye msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba au Desemba, afuate hatua hizihizi lakini aanze mwezi wa Septemba.

Jambo ambalo anayeanza hulikosa ni kwamba kazi kubwa ya masika hufanyika kabla ya masika. Udongo ukishalowa, kila jembe linaloingia huukandamiza badala ya kuutifua. Mfereji unaochimbwa mvua ikinyesha hujaa tope kabla haujakamilika. Jasho ni la Januari, Februari na nusu ya kwanza ya Machi, ili mvua itakapotulia ibaki kazi moja tu ya kupanda.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Jembe, beleshi, reki, panga na ndoo mbili vinatosha kwa kazi nyingi. Kwa kupogoa, nunua mkasi wa kupogolea wenye makali na msumeno mdogo, kwa sababu panga hupasua tawi na kuacha kidonda kinachochelewa kufunga. Ongeza glavu ngumu, kamba ndefu, vigingi kumi, turubai moja, na mpira mwembamba unaoonyesha maji yaliyomo ndani, wa urefu wa mita kumi hivi, uleule ambao mafundi wa ujenzi huutumia kupimia usawa. Kadiria debe moja la samadi iliyoiva kwa kila shimo la mti na nusu debe kwa kila shimo la kichaka cha maua. Majani makavu yote yanayoanguka kuanzia sasa yaweke kwenye magunia, wala usiyachome.

Miche usiinunue bado. Mche unaokaa uani wiki sita ukimwagiliwa kwa kusahausahau hufika siku ya kupandwa ukiwa umedhoofu.

Hatua kwa hatua

1. Ivisha samadi kuanzia katikati ya Januari. Samadi inayouzwa kwa gunia, hasa ya kuku, mara nyingi huwa bado mbichi, na samadi mbichi huunguza mizizi. Vaa glavu, ingiza mkono hadi katikati ya gunia: ukikuta joto, na harufu ikakuchoma pua, bado haijaiva. Iliyoiva hunukia udongo, ni baridi, na hupukutika vidoleni. Ile mbichi irundike kivulini, inyunyizie maji hadi iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, ifunike kwa turubai na uigeuze kila wiki kwa wiki sita hadi nane. Mwaka mmoja niliamini neno la muuzaji kwamba samadi yake ya kuku ilikuwa imekaa miezi mitatu, nikaiweka kwenye mashimo manne ya milimau. Ndani ya siku kumi majani yalianza kukauka kutoka kwenye kingo kwenda ndani, na milimau mitatu haikupona. Tangu siku hiyo gunia lolote linaloingia kwangu nalipima kwa mkono wangu mwenyewe.

2. Soma njia ya maji. Zunguka kiwanja chako ukitafuta alama zilizoachwa na mvua zilizopita: mstari wa tope kwenye ukuta, mchanga uliolundikana kwenye kona ya uzio, mizizi ya mti iliyobaki wazi. Alama hizo zitakuonyesha maji yanapotokea, yanapokimbia na yanapotuama. Kisha pima. Jaza mpira wako maji, hakikisha hakuna mapovu ya hewa ndani, funga ncha moja kwenye kigingi karibu na msingi wa nyumba na nyingine kwenye kigingi kilicho mita mbili mbele. Maji yatasimama kwenye usawa mmoja pande zote mbili. Pima kutoka usawa huo kushuka hadi ardhini kwenye kila kigingi, na tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mteremko wako. Kando ya nyumba, ardhi inapaswa kushuka angalau sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mbali na msingi. Ukikuta inashuka kuelekea nyumbani, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, na maua yatasubiri.

3. Chimba na safisha mifereji. Mfereji wenye upana wa beleshi moja na kina cha sentimita 20 unatosha kwa kiwanja kidogo. Pale maji ya bati yanapodondokea, tandaza mawe au kokoto ili kuvunja nguvu yake, la sivyo yatachimba shimo na kubeba udongo wote wa juu. Panda juu ukasafishe na gata za paa, ambazo huwa zimejaa majani ya kiangazi kizima. Yaelekeze maji kwenye mtaro wa barabara, au kwenye shimo pana lililozungukwa na migomba, kwa kuwa migomba hufurahia maji yanayopita. Usiyaelekeze kwenye karo la choo, kwa sababu litafurika. Wala usiyatoboze ukutani yaingie kwa jirani, kwa maana ugomvi wa maji hudumu kuliko masika yenyewe.

   Hapa niseme neno kuhusu ufagio. Katika nyumba zetu, uwanja uliofagiliwa kwa chelewa alfajiri ni heshima ya mwenye nyumba, nami nimelelewa hivyo. Hata hivyo ufagio unaopita chini ya mti kila siku huondoa majani pamoja na tabaka jembamba la udongo, na baada ya miaka michache mizizi hubaki juu kama mishipa ya mkono wa mzee, na ardhi huwa ngumu kiasi kwamba mvua huteleza juu yake bila kuingia. Fagia njia, mbele ya mlango na mahali pa kukaa. Chini ya miti, acha majani yalale.

4. Ondoa mazalia ya mbu. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga mayai kwenye kuta za ndani za vyombo vinavyoshika maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa kisha yakaanguliwa mvua inapoyafikia. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi, ukiwamo wa mwaka 2014 na wa 2019, kwa hiyo jambo hili si dogo. Kusanya vifuu, makopo, matairi na sahani za chini ya vyungu. Usiishie kumwaga maji. Sugua kuta za ndani kwa brashi. Mapipa ya kuvunia maji ya mvua yafunikwe kwa wavu.

5. Pogoa kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Machi. Kwa kila mmea anza na vilivyokufa, kisha vilivyougua, kisha matawi yanayosuguana. Baada ya hapo ndipo utazame umbo. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya mti kwa mara moja.

   Bogenvilia, ambayo huchanua sana wakati wa kiangazi, hustahimili kukatwa hata nusu maua yake yakishapukutika, na isipokatwa hugeuka kichaka cha miiba chenye maua juu ya paa tu. Waridi likate kwa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, ili chipukizi lisielekee ndani ya kichaka. Asmini msubiri amalize kuchanua. Kumkata akiwa na vikonyo ni kujinyima harufu ya jioni nyingi. Ua wa michongoma uukate ukiwa mpana chini kuliko juu, kwa sababu ukiwa mpana juu, kivuli chake hukausha majani ya chini na kuacha mianya ambayo mbuzi wa jirani hupitia. Mlimao na mchungwa wa kubebeshwa, ng'oa kila chipukizi linalotokea chini ya kiungio, kwani hilo ni la mti wa porini na halitakupa tunda unalolitaka. Mwembe pogoa sasa, mavuno yakiwa yamekwisha.

   Tawi nene usilikate kwa mkato mmoja kutoka juu. Litaanguka kabla halijakatika lote na kuchuna gome la shina hadi chini. Kata kwanza kutoka chini, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, ukiingia theluthi ya unene. Kisha kata kutoka juu, sentimita chache mbele ya mkato wa kwanza, mpaka tawi lianguke. Mwisho ondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe unaozunguka sehemu tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda, kwa hiyo usiukate.

   Tahadhari mbili. Tawi lililokaribia nyaya za umeme usiliguse, toa taarifa kwa shirika la umeme la eneo lako, kama TANESCO kwa Tanzania Bara. Na kama uzio wako ni wa minyaa, vaa miwani na glavu, kwa kuwa utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kumfanya mtu asione kwa muda. Watoto wawe ndani mpaka kazi iishe.

6. Chimba mashimo wiki mbili kabla ya mvua. Kwa mti, sentimita 60 kwa 60 kwa kina cha 60. Kwa kichaka, sentimita 40 zinatosha. Udongo wa juu uliokolea rangi uweke kushoto, wa chini uliopauka uweke kulia. Changanya ule wa juu na samadi, urudishe shimoni kwanza, na uache shimo lipumzike. Kabla ya kurudisha udongo, jaza maji kwenye shimo moja: yakiwa bado yamo asubuhi ya pili, hapo pana mfinyanzi unaotuamisha, na mti wako utahitaji kupandwa juu ya tuta. Mpapai uwe juu ya tuta la sentimita 30 popote ulipo, kwa sababu maji yakituama kwenye mizizi yake siku mbili tu yanaweza kuuangamiza.

7. Subiri mvua itulie. Hatua hii ndiyo inayowashinda watu wengi zaidi. Mvua ya kwanza huja usiku na kishindo, asubuhi udongo unanukia, na kila mtu anakimbilia kwenye vitalu vya miche. Lakini chukua beleshi ukate udongo wima. Mara nyingi utaona juu mstari mweusi wenye unene wa vidole viwili, na chini yake vumbi jeupe, kavu kama unga wa muhogo. Mche unaowekwa hapo mizizi yake huishia kwenye vumbi hilo, na jua likirudi wiki mbili, kama linavyofanya mara kwa mara, hauna pa kunywa.

   Panda pale unyevu unapokuwa umefika sentimita 20 hadi 30. Fumbata udongo wa kina hicho: ukifanya donge bila kutoa maji kati ya vidole, wakati umewadia. Linganisha na utabiri wa siku kumi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo pia hutangaza mwelekeo wa mvua za masika kabla msimu haujaanza. Miaka mingi hali hiyo hupatikana kati ya wiki ya mwisho ya Machi na katikati ya Aprili, na mche uliopandwa hapo unapata zaidi ya mwezi mmoja wa kushusha mizizi kabla ya ukavu wa kipupwe.

8. Panda jioni au siku ya mawingu. Chagua mche mfupi wenye shina nene kuliko mrefu uliokonda. Ukiona mizizi imetoboa kiriba, yaani mfuko ambao mche umekuzwa ndani yake, na kuzama ardhini, uache. Mwagilia kiriba, kisha kichane upande mmoja na ukiondoe chote. Bado naona mimea iliyodumaa miaka mitatu, ikichimbuliwa inakutwa na kiriba chake. Mizizi iliyojizungusha chini ikate kwa kisu. Mche ukae katika kina kilekile ulichokuwa nacho kwenye kiriba, kwa maana shina likifukiwa huoza. Shindilia kwa mikono, si kwa visigino, kisha mwagilia hata kama mvua imetanda, ili udongo ushikamane na mizizi.

9. Ukoka. Ng'oa magugu na mizizi yake, sawazisha ardhi kwa reki, kisha pandikiza vipande vyenye vifundo viwili au vitatu kwa nafasi ya sentimita 15, kifundo kimoja kikiwa chini ya udongo. Ukoka wa zamani ufyeke kabla ya mvua, na mvua zikikolea usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja.

10. Mboga. Mchicha, matembele, kunde na bamia hustahimili masika. Mbegu za mchicha zichanganye na mchanga mkavu ndipo umwage, kisha zifunike kwa nyasi nyepesi zisisombwe. Baada ya wiki tatu hadi nne utachuma. Nyanya nakushauri usizipande nje wakati huu. Majani yanayolowa mchana na usiku hushambuliwa na ukungu, na anayeanza huishia kununua dawa kila wiki. Sia mbegu zake mwezi wa Mei mahali penye paa, uhamishie nje mvua zikipungua.

11. Tandaza matandazo. Sasa fungua yale magunia ya majani. Weka tabaka la sentimita 8 hadi 10 kuzunguka kila mche, ukiacha nafasi ya upana wa kiganja kati ya matandazo na shina. Tandaza baada ya udongo kulowa. Ukitandaza juu ya vumbi, mvua ndogo zitaishia kwenye majani.

Matatizo yanayojitokeza

*Majani yamekuwa ya njano wiki chache baada ya kupanda.* Chimba kidogo pembeni. Ukikuta maji na harufu ya uozo, mizizi inakosa hewa: fungua njia ya maji leo, usiongeze mbolea. Ukikuta udongo uko sawa na majani ya zamani ndiyo yanayoanza kugeuka njano, huenda mvua imeosha rutuba. Ongeza samadi iliyoiva juu ya udongo.

*Kingo za majani zimeungua hata kabla ya mvua.* Waliochimba visima karibu na bahari huwa na maji yenye chumvi, nayo chumvi hujikusanya kwenye udongo kiangazi chote. Masika huisafisha. Usimpogoe mgonjwa huyu kwa nguvu, msubiri hadi Mei.

*Miche inakatwa usiku usawa wa ardhi.* Hao ni sota, viwavi wanaokata mashina machanga. Fukua udongo kuzunguka mche asubuhi, utawakuta wamejikunja, uwaondoe. Zungushia kila mche pete ya kopo lililokatwa pande zote mbili, iliyozama sentimita 3.

*Konokono wamejaa.* Wakusanye kwa glavu baada ya magharibi, wanapotoka wenyewe. Usiwashike kwa mikono mitupu, kwa kuwa hubeba vimelea. Majivu husaidia yakiwa makavu tu, kwa hiyo katikati ya Aprili usiyategemee.

*Miche ya kitaluni inaanguka ikiwa imenyauka shingoni.* Huo ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaochochewa na msongamano na maji mengi. Punguza miche, inua kivuli, mwagilia asubuhi pekee. Iliyoanguka haitasimama, kwa hiyo itoe pamoja na udongo wake.

*Mvua zimekatika baada ya kupanda.* Mwagilia kila baada ya siku tatu au nne, ndoo nusu kwa mche mmoja, polepole mpaka maji yazame. Kikombe kimoja kila jioni huifundisha mizizi kubaki juu, mahali jua linapoifikia kwanza.

*Mti uliopandwa umelala baada ya mvua kubwa ya upepo.* Usiusimamishe udongo ukiwa tope. Subiri siku moja au mbili, uinue taratibu, uufunge kwenye kigingi kwa kitambaa laini chenye umbo la nane ili shina lisisuguane na mti wa kigingi, kisha ukifungue kitambaa hicho mwezi wa Agosti, shina likiwa limeshika.